Mliofanya kazi NGO za elimu zenye uongozi wa hovyo, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Majina ya mashirika tuyaache, tuongelee mambo.

Naanza mimi. Nilikuwa afisa mradi Kanda ya Ziwa, mradi wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), darasa la kwanza na la pili. Mkurugenzi ndiye mwanzilishi, mhasibu shemeji yake, bodi ipo kwenye makaratasi tu. Gari la mradi asubuhi linapeleka watoto wa bosi shule, sisi tunakwenda vijijini kwa bodaboda, nauli "utarudishiwa".

Ila siku mfadhili anakuja! Stoo inafunguliwa, vitabu vinapangwa darasani, watoto wanapigwa picha wamevishika. Vumbi la gari la wageni halijatulia, mwalimu wa darasa la pili anahesabishwa kimoja kimoja virudi kwenye maboksi. Eti vitachanika.

Mzee wa Masurufu: Hiyo cha mtoto. Kwetu kwenye semina za walimu, karatasi ya posho ina safu ya kiasi iko wazi. Mwalimu anasaini, anapewa elfu kumi, kiasi kinajazwa ofisini jioni.

Dada Mradi: Mimi niliumizwa kwenye michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Salary slip kila mwezi inaonyesha nimekatwa asilimia 10, na mwajiri alipaswa aongeze yake ifike 20. Mkataba umeisha naenda kudai, michango iliyopelekwa ni ya miezi ya mwanzo tu. Angalieni taarifa zenu mkiwa bado kazini, ukishatoka hata simu haipokelewi.

Mtumba: Pole dada. Wengine, mkiachishwa kazi kimizengwe, malalamiko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi) mnapeleka ndani ya siku 30. Madai mengine siku 60. Wanakubembeleza "subiri fungu la pili liingie" makusudi, siku zikatike.

Kijana wa Ripoti: Tuwe wakweli pia, wafadhili wanachangia. Wanalipia mafunzo na fulana, kodi ya ofisi hawataki kuisikia. Bosi afanyeje kama si kuchota kwenye vitabu? Na Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, hata mashirika yaliyonyooka yalikwama mishahara.

Mleta mada: Kodi ya ofisi nakuelewa mkuu. Ila shemeji alinunua kiwanja mwaka huohuo tuliokaa miezi bila mshahara, nacho tukiweke fungu gani?