Majirani Rau: vitabu vya likizo

Jumamosi, 14 Juni

Mama Neema 13:42
Majirani, watoto wote saba wamerudi salama kutoka maktaba. Niliwahesabu tulipopanda haisi, nikawahesabu tena tuliposhuka. Wa mwisho kushuka alikuwa Kevin, konda akamgonga bega, maana alikuwa ameinamia kitabu hata hajui kama tumefika.

Baba Kevin 13:44
Kevin yupi?

Mama Neema 13:44
Huyo huyo wa kwako 😂

Mama Ombeni (admini) 13:47
Asante sana mama Neema, Mungu akuzidishie. Wamekula?

Mama Neema 13:51
Walikula mihogo ya kukaanga kabla hatujaingia, nikawanawisha hapo hapo kwa maji ya chupa. Bahati yangu! Mlangoni mkutubi aliwaambia wanyooshe viganja, akavikagua kimoja kimoja kama mwalimu wa zamu. Ombeni alirudishwa akanawe tena.

Mama Ombeni (admini) 13:52
Nilijua tu.

Baba Ibra 13:55
Wadau samahani kuingilia. Mbuzi wangu yule mweupe amepiga kelele tangu asubuhi, kama kuna mtu anapita nyuma kwangu amtupie majani. Nipo Kiboriloni na abiria.

Dada Rehema steshenari 13:58
Nimemtupia maganda ya ndizi. Mama Neema tueleze basi, kuna vipya?

Mama Neema 14:06
Vipo. Tena wamefanya jambo moja nimelipenda: vile vipya wamevilaza mezani, jalada juu, mtoto anaona picha kabla hajagusa. Hapo ndipo wote walipovamia. Vile vilivyosimama kwenye rafu, mgongo nje, hakuna aliyevitazama mpaka nilipoanza kuvitoa mimi kimoja kimoja. Nikajifunza na mimi, nyumbani vitabu vya Neema vyote viko kwenye boksi chini ya kitanda, halafu nalalamika hasomi.

Baba Kevin 14:08
Vya Kiingereza vipo? Hawa wetu wako ingilishi midiam. Kwa ada ile nataka Kiingereza wakione mpaka ndotoni.

Mama Neema 14:15
Vipo vingi, na vinang'aa. Vinang'aa kwa sababu havishikwi. Nilimchukulia Neema kimoja cha watoto wanaojenga mtu wa theluji uani kwao. Akaniuliza, mama, hii ni ile theluji ya Kibo? Nikasema ndiyo. Akaniuliza mbona wao wanaichezea uani na sisi tunaiona tu dirishani, tena siku mawingu yakiamua. Nikakosa jibu, nikakirudisha mezani 😂 Vya Kiswahili sasa, kurasa zimelegea kama kadi ya kliniki. Hivyo ndivyo vilivyosomwa.

Baba Kevin 14:16
Kwa hiyo Kevin amechukua cha Kiswahili.

Mama Neema 14:17
Hapana. Amechukua cha Kiingereza. Kikubwa, kizito, cha mijusi ya kale, dinosaria. Nilimpa viwili vyepesi vya Kiswahili akavikataa. Nikamwambia hiki maneno yake ni magumu, akasema nitatazama picha. Nikamwacha.

Baba Kevin 14:17
Mtoto wa darasa la tatu!

Babu Mwalimu 14:31
Hamjambo wanangu.

Mama Neema 14:31
Shikamoo babu

Dada Rehema steshenari 14:31
Shikamoo babu Mwalimu

Baba Kevin 14:32
Shikamoo mzee

Babu Mwalimu 14:40
Marahaba. Nimesoma yote tangu juu. Mama Neema umefanya vema kumwacha achague. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Mimi nilikuwa kijana, niko kule kwa kaka yangu natafuta kazi. Nikaingia baada ya siku chache, nikachukua kitabu cha mashine za meli, nikakaa nacho mpaka wanafunga. Sikuelewa hata ukurasa mmoja. Kesho yake nikarudi kwenye kitabu kile kile. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Bi Mwanaidi 14:58
Asalaam alaykum. Mimi nina malalamiko. Neema amekuja hapa barazani kunisomea kitabu alichoazima, cha sungura na simba. Anasoma vizuri mashallah, anaweka vituo. Lakini kitabu kimekosea.

Mama Neema 14:59
Waalaykum salaam bibi. Kimekosea wapi tena?

Bi Mwanaidi 15:09
Simba amemkamata sungura mguu, sungura nusu yuko shimoni. Kitabu kinasema sungura akalia, akaomba msamaha, simba akamhurumia. Sungura gani huyo? Sungura tunayemjua sisi alicheka! Akamwambia simba, babu we, umeshika mzizi wa mti unadhani mguu wangu, mwenyewe niko huku. Simba akauachia mguu akaushika mzizi kwelikweli, sungura huyoo. Ndiyo hadithi. Sasa huyu wa kuomba msamaha watoto watajifunza nini?

Dada Rehema steshenari 15:10
😂😂😂 Watajifunza adabu bibi

Bi Mwanaidi 15:11
Adabu atawafunza mama yao. Sungura ana kazi yake.

Babu Mwalimu 15:20
Bi Mwanaidi una haki, ila na aliyeandika ana haki. Ngano haina mwenyewe, kila kijiji kina mwisho wake. Maktaba zinazopanga vitabu kwa namba za Dewey huweka ngano za jadi kwenye 398.2. Mtoto akiishika namba hiyo kichwani anaweza kwenda rafuni bila kumsumbua mtu, akakuta sungura watano wa nchi tano.

Bi Mwanaidi 15:22
Basi Jumamosi ijayo mniletee hao wengine wanne niwakague.

Baba Kevin 19:48
Jamani naomba msaada. Kevin ananiambia Lindi palikuwa na mjusi mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, Wajerumani wakamchukua mifupa wakaenda naye. Nimemwambia aache uongo. Sasa amenuna, ugali hagusi.

Mama Neema 19:50
Piga picha huo ukurasa.

Baba Kevin 19:52
[Picha]

Dada Rehema steshenari 19:54
Mh. Pana ramani, naona kabisa "Tendaguru". Na mtu mdogo amechorwa pembeni, anafika kwenye goti la mjusi.

Babu Mwalimu 20:13
Baba Kevin, mpe mtoto ugali wake na umwombe radhi. Ni kweli tupu. Tendaguru ni kilima kipo bara ya Lindi. Wakati wa Wajerumani, mwaka 1909 mpaka 1913, walichimba pale mifupa ya wanyama walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Berlin. Mmoja wao ndiye huyo, jina lake la kitaalamu Giraffatitan, maana shingo yake kama ya twiga. Amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, tangu miguuni mpaka kichwani ni zaidi ya mita 13.

Baba Kevin 20:14
Mita 13 kwenda juu???

Babu Mwalimu 20:19
Kwenda juu. Na usisahau nani alimbeba. Hapakuwa na reli wala lori. Wachimbaji walikuwa watu wa kule kule kusini, mamia kwa mamia, na wapagazi walibeba mifupa kichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Vitabu vingi vinamtaja profesa, mpagazi havimtaji. Mwulize Kevin kama hicho chake kinamtaja.

Baba Kevin 20:33
Amesema hakuna. Kuna picha moja ya watu wamebeba kasha kwenye mti, chini wameandika sentensi moja tu. Amenitafsiria yeye, mimi "porters" nilidhani ni wale wa Mlima Kilimanjaro.

Mama Neema 20:34
Ndiyo hao hao baba Kevin, wapagazi. Kazi ni ile ile, mzigo tu ndio tofauti.

Baba Kevin 20:41
Ugali ameula. Radhi nimeomba. Sasa ananiuliza kwa nini hawamrudishi.

Babu Mwalimu 20:43
Hilo hata wakubwa wanaliuliza. Hata bungeni limeshaulizwa.

Jumapili, 15 Juni

Baba Kevin 8:05
Mama Neema umeamka?

Mama Neema 8:09
Mmeharibu nini?

Baba Kevin 8:11
Uji wa ulezi. Mdogo wake amevuta kitambaa cha meza. Kurasa tatu, na moja imechanika kidogo pembeni wakati mama yake anapangusa. Nataka niagize selotepu dukani kwa Mangi nibandike kabla haijaendelea.

Babu Mwalimu 8:12
USIWEKE SELOTEPU

Babu Mwalimu 8:16
Samahani kwa herufi kubwa, simu hii. Gundi ya selotepu baada ya muda inageuka njano, inaila karatasi, na ukitaka kuibandua inaondoka na maandishi. Fanya hivi. Uji uliobaki juu uchukue kwa ubapa wa kisu cha mezani, usisugue. Kitambaa safi kilicholowa kidogo, gusa gusa. Halafu weka tishu kati ya kurasa zilizolowa, ukiona imelowa ibadilishe. Kausha kivulini, siyo juani, jua litazikunja kama kababu. Zikikaribia kukauka funga kitabu, weka kitu kizito juu yake usiku mzima.

Baba Kevin 8:18
Jiwe la kusagia?

Babu Mwalimu 8:18
Jiwe linafaa. Lifunge kanga kwanza.

Mama Neema 8:24
Na Jumamosi twende wote mimi na wewe. Kadi ni ya Kevin lakini fomu nilisaini mimi. Hiyo iliyochanika tumwonyeshe mkutubi wenyewe kabla hajaiona. Muhuri wa nyuma unasema kirudishwe 28 Juni, tunayo nafasi.

Baba Kevin 8:25
Nitalipa. Kevin amelia kuliko siku niliyomwita mwongo.

Jumatatu, 16 Juni

Dada Rehema steshenari 10:20
Kwa wale ambao hawajapata kadi. Kuna hadithi za bure mtandaoni, mradi unaitwa African Storybook, ulianzia Afrika Kusini, uko tangu 2014. Za Kiswahili ni nyingi, na leseni yake ni huria, unaruhusiwa kutoa nakala bila kumwomba mtu. Hazili bando sana, ni picha na sentensi chache. Mimi natoa kopi nyeusi na nyeupe, nabana pini katikati, mtoto anajipakia rangi mwenyewe. Nawatoza karatasi na wino tu.

Mama Ombeni (admini) 10:26
Nitolee mbili za Ombeni. Ziwe na mnyama, za watoto wenye tabia njema hataki.

Dada Rehema steshenari 10:27
Mtoto ana akili huyo

Baba Ibra 10:31
Na mimi moja. Ibra yuko la kwanza, bado anasoma kwa kidole. Ila herufi ziwe kubwa, juzi nilimpa gazeti akaniambia baba hizi ni mchwa.

Bi Mwanaidi 10:48
Rehema mwanangu, hiyo mtandao yako inapokea hadithi au inatoa tu?

Dada Rehema steshenari 10:50
Inapokea bibi! Mtu anaweza kutunga yake akaiweka, au kutafsiri ya mwingine.

Bi Mwanaidi 10:51
Njoo jioni na simu yako. Na uje na saa nzima, sitaki kukatwa katikati.

Dada Rehema steshenari 10:52
Nakuja bibi. Ni yule sungura wa mzizi?

Bi Mwanaidi 10:53
Ndiye. Paukwa.

Neema (simu ya mama) 10:53
PAKAWA!!!

Mama Neema 10:55
Nimemnyang'anya simu. Wazo la haraka: tarehe 7 Julai ni Sabasaba, tena ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani, na shule hazijafunguliwa. Kila mtoto asome au asimulie alichosoma likizo hii, barazani kwa babu. Babu unaruhusu?

Babu Mwalimu 11:02
Baraza lipo. Waje na vigoda vyao, viti vyangu vimebaki vitatu na kimoja ni cha kuaminiwa na Mungu tu. Kevin aanze.

Baba Kevin 11:04
Kevin amekubali ila ana sharti. Anataka kwanza watoto waone mita 13 ni ngapi. Ameondoka na Ombeni na kamba, wanapima barabarani kuanzia getini kwa mama Neema.

Mama Neema 11:15
Nimewaona. Wamepima kwa hatua za rula ya shule, sentimita thelathini thelathini, mmoja anahesabu mwingine anaweka alama ya chaki. Kamba imefika kwenye mwembe wa Bi Mwanaidi na ikapita. Watoto wote wamelala chini kwenye mstari kama samaki, wanaangalia juu, wananiambia mama kichwa chake kingekuwa pale. Na mimi nimetazama juu jamani, kama mjinga.

Dada Rehema steshenari 11:17
Picha tafadhali

Mama Neema 11:18
[Picha]

Baba Ibra 11:26
Picha nzuri. Swali dogo tu. Hiyo kamba ya bluu yenye fundo la mpira mwishoni wameitoa wapi?

Baba Kevin 11:27
Ngoja nimuulize

Baba Ibra 11:27
Baba Kevin mimi nipo stendi ya Pasua, mbuzi yuko wapi?

Mama Ombeni (admini) 11:29
Yupo kwenye mchicha wangu. Njooni na kamba.