Nampeleka mama Ludlow mwezi wa tisa, siku moja inatosha?

Binti Chumbageni: Habari za humu wapendwa. Naishi Leicester, na mama anakuja kunitembelea kutoka Tanga. London ameshaiona, hataki tena kusukumana na watu; anataka kuona soko la mji mdogo na mashamba. Nimefikiria Ludlow, kule Shropshire karibu na mpaka wa Wales. Gari hatuna, na magoti yanamsumbua. Twende na kurudi, au tulale?

Mzee wa Reli: Laleni, binti yangu. Mtashuka Birmingham New Street mpande ya Hereford, na Hereford mchukue ya kwenda Shrewsbury inayosimama Ludlow. Kuunganisha treni hivyo kwenda na kurudi siku moja ni kumtesa mama. Fikeni siku ya gulio: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa au Jumamosi. Meza zinapangwa uwanjani, mbele kabisa ya ngome ya Wanormani. Ila mwezi huo kuna tamasha la chakula humo ngomeni na vyumba vinajaa, kwa hiyo wekeni nafasi mapema.

Mama Nuru: Mdogo wangu, Broad Street mwangalieni kutokea juu. Kushuka hadi lile lango la zamani ni raha, kupanda ndiyo kazi. Ngomeni mwambie habari za Arthur, kaka yake mfalme Henry VIII wa Uingereza: alifia humo mwaka 1502 akiwa na miaka 15, na mjane wake Catherine akaja kuolewa na huyo mdogo mtu. Mama zetu wanazipenda sana habari za namna hiyo. Halafu msiliruke kanisa la St Laurence. Inameni muangalie chini ya viti vya kwaya: kuna mwanamke muuza pombe aliyechongwa kwenye mbao, alikuwa akipunja wateja, shetani kambeba anampeleka motoni na chombo chake cha kupimia bado kakishika. Mimi nilikaa hapo muda mrefu.

Mtoto wa Handeni: Kwa mashamba, pandeni treni hadi Craven Arms, kituo kinachofuata tu. Kutoka hapo Stokesay ni kama kilomita moja na nusu. Mama mchukulie teksi. Ni nyumba yenye kuta za ngome, aliijenga Laurence wa Ludlow, tajiri wa sufu, na mwaka 1291 mfalme Edward I akampa kibali cha kuizungushia ulinzi. Fedha zote zile zilitoka kwa kondoo, na mpaka leo kondoo wamejaa vilima vya huko. Ngazi za ndani ni kali, lakini ukumbi mkuu uko chini.

Binti Chumbageni: Asanteni sana, Mungu awabariki. Basi tunaingia Alhamisi, Ijumaa soko na kanisa, Jumamosi Stokesay. Tukikuta njia inapita katikati ya shamba la mtu, tunaruhusiwa?

Mtoto wa Handeni: Ikiwa na kibao cha njia ya miguu, ni haki yenu, piteni bila wasiwasi. Geti mkilikuta limefungwa, lifungeni tena nyuma yenu. Na mama avae viatu vya kufunga, asubuhi nyasi zinalowa sana.