Naomba ushauri: niko intern (daktari wa mafunzo kwa vitendo), nina siku moja tu ya kupumzika kwa wiki

Habari za majukumu, ndugu zangu. Nilimaliza miaka 5 ya udaktari, sasa niko intern hapa Dar, nimebakiza miezi 7. Kufika hapa ni neema kubwa, ila furaha yake siku hizi siisikii moyoni. Natoka zamu ya usiku, nalala, nafua koti, narudi wodini.

Majuzi bibi mmoja niliyekuwa namwekea dripu alinishika mkono akaniuliza, "Mjukuu wangu, umekula?" Ilikuwa saa 9 alasiri, tumboni nina chai ya asubuhi tu. Akafungua fundo la khanga yake akanipa nusu chungwa. Nililia nyuma ya pazia. Tangu siku hiyo nina daftari dogo, kila nikitoka zamu naandika jambo moja la kumshukuru Mungu. Kuna siku nasinzia kalamu ikiwa mkononi.

Sasa natamani na kutembea. Posho naigawana na wadogo zangu, kwa hiyo safari iwe ya bei nafuu. Nimewaza treni ya SGR ya asubuhi hadi Morogoro, nipande milima ya Uluguru mpaka sehemu inayoitwa Morningside, jioni nirudi. Mliowahi kwenda, siku moja inatosha kwa mtu mwenye uchovu wa zamu? Au nianze na msitu wa Pugu hapa karibu?

Na madaktari mliopita njia hii, mlifanyaje hadi mkaendelea kuipenda kazi?