Tupeane uzoefu: Ulitokaje kwenye kodi tatu za bluzi ukafika kwenye bluzi ya jazi?

Mwanzisha mada

Habari zenu wakuu. Nafungua uzi huu kwa wapiga gitaa wanaoijua bluzi ya baa 12 (vipimo 12 vya mdundo) kwa kodi tatu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) na sasa wanaitaka ile ladha ya jazi. Ukitafuta mtandaoni unamwagiwa kodi kibao zenye majina marefu, 9, 13, b9 (namba ni noti inayoongezwa kwenye kodi, b ni noti iliyoshushwa nusu hatua), bila kuambiwa ipi inakwenda wapi. Naamini hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Kodi nono kama hizo ujifunze ikiwa safarini, inatoka kodi gani na inaingia ipi.

Nianze na yangu, ufunguo wa Bb. Bb7 naishika kwa noti tatu tu: waya wa sita (ule mnene) freti ya 6, wa nne freti ya 6, wa tatu freti ya 7. Waya wa tano unazibwa na kidole kile kile kilichoshika wa sita. Kwenda Eb7, besi (noti ya chini kabisa) inahamia waya wa tano freti ya 6, na zile noti mbili za ndani zinarudi nyuma freti moja moja. Basi! Ile noti ya saba ya Bb (ukihesabu ngazi kuanzia Bb) imeshuka ikawa ya tatu ya Eb, na ya tatu imeshuka ikawa ya saba. Piga polepole usikilize hizo noti mbili tu. Utamu wote umo humo.

Zikikaa mkononi, ongeza waya wa pili. Freti ya 8 juu ya Bb7 inakupa Bb13. Freti ya 6 juu ya Eb7 inakupa Eb9, kidole cha pete kikilalia waya wa tatu na wa pili kwa pamoja.

Haya, wewe ulianzia wapi? Kodi gani ilikufungua masikio?

Mpiga rithm, Dar

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nimetokea kwenye dansi. Tumekua tukisikia Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, lakini pamoja na hayo majina, kilichopigwa mle ni dansi na rumba: kodi safi za noti tatu, kazi yote iko kwenye mkono wa kulia. Mkono huo ulinisaidia sana nilipoingia bluzi. Wa kushoto ndio uliohitaji shule.

Kilichonifungua ni baa ya 6. Kwenye bluzi ya kawaida, baa ya 5 na ya 6 zote ni Eb7. Wajazi baa ya 6 wanaweka E dim (diminished, kodi yenye sauti ya wasiwasi inayotaka kusogea). Shika Eb7 ya mkuu hapo juu, waya wa nne na wa tatu usiziguse, sogeza besi kutoka freti ya 6 hadi ya 7. Baa ya 7 besi iende freti ya 8, waya ule ule wa tano, na noti za ndani zirudi zilivyokuwa kwenye Bb7. Besi inapanda 6, 7, 8. Mara ya kwanza kuipiga na bendi, mpiga besi aligeuka kuniangalia akitabasamu, tukairudia usiku mzima.

Gitaa la kwaya, Kisumu

Mimi nilifunzwa na mpiga kinanda wa kanisani, na alichonifunza ndicho nakitumia kwa bluzi hadi leo. Baa ya 8 weka G7, ya 9 Cm7, ya 10 F7. Hiyo G7 usiipige kavu. Nyaya nne nyembamba: wa nne freti 3, wa tatu freti 4, wa pili freti 3, wa kwanza freti 4. Hiyo ni G7 yenye b9, besi umemwachia mwenye besi. Ile noti ya juu ishuke freti moja, iwe G, na uwe umeingia Cm7. Tena shepu hiyo ukiipandisha freti 3 unapata noti zile zile nne, zimebadilishana nafasi tu.

Mdau wa ughaibuni

Huku napiga na watu wa tarumbeta na saksafoni. Jifunzeni Bb na F kwanza, maana ndizo funguo wanazozipenda. Na kukiwa na piano, punguza noti. Msikilizeni mpiga gitaa Freddie Green, aliyejiunga na okestra ya Count Basie mwaka 1937 na alikuwa bado humo alipofariki mwaka 1987. Midundo minne kila baa, noti mbili tatu, wakati mwingine moja tu ndiyo inayosikika vizuri, na okestra nzima inategemea hapo.

Anayejifunza

Asanteni sana. Kidole changu kidogo hakifiki freti ya 8 kwenye Bb13. Nifanyeje?

Mwanzisha mada

Karibu ndugu. Acha besi kwanza, shika waya wa nne, wa tatu na wa pili peke yake: 6, 7, 8. Au ihamishie shepu nzima freti ya 10 iwe D13, huko freti zimekaribiana, halafu ushuke nayo taratibu kadiri mkono unavyofunguka. Ukiumwa kifundo cha mkono, pumzika.

Mpiga rithm, Dar

Niongeze moja kabla sijalala. Baa ya 10, F7: waya wa sita freti 1, wa nne freti 1, wa tatu freti 2. Mdundo wa tatu, hamisha besi peke yake iende waya wa tano freti ya 2. Imeshakuwa B7, maana ya tatu na ya saba za kodi hizi mbili ni noti zile zile. Baa ya 11 besi ishuke freti moja, uko Bb. Mwambie mpiga besi mapema ili mshuke pamoja.