Trela la kambi: kufuli la kichwa, klampu ya gurudumu au GPS?

Mzururaji: Wakuu, salaam. Wiki ijayo tunapiga kambi na trela letu. Mchana tutalichomoa kwenye gari tuende matembezini, libaki peke yake. Kwa sasa naweza kununua kitu kimoja tu: kufuli la kichwa (kile cha mbele kinachoshika gari), klampu ya kufunga gurudumu lisizunguke au kifaa cha GPS. Nichukue kipi?

Fundi Chuma: Mkuu, umeruka yote ya maana. Ekseli moja au mbili? Kichwa kimefungwa kwa bolti au kimechomelewa? Bila hayo tunapiga ramli.

Mama Kambi: Klampu. Kufuli la kichwa mwizi halimsumbui, anafunga mnyororo anaburuta. Ila chukua klampu yenye sahani inayofunika nati, la sivyo atavua gurudumu, avalishe spea yako mwenyewe, aondoke.

Tai: Klampu ni adhabu. Mvua ikinyesha unapiga magoti kwenye tope. Na siku ukisahau kuitoa ukaondoa gari, madgadi kwaheri.

Fundi Chuma: Ngoja niwasimulie. Tulikuwa na kufuli la kichwa zito, la chuma kigumu kweli. Tunarudi jioni, trela hakuna. Kufuli liko majanini, limefungwa vilevile, limeng'ang'ania kichwa. Hawakuligusa! Walifungua bolti mbili zinazoshika kichwa kwenye fremu, wakakiacha na kufuli lake, wakafunga chao. Kazi ya spana tu. Polisi wakauliza namba ya fremu. Kadi ilikuwa kwenye droo ya trela hilohilo.

Mzururaji: Ekseli moja. Nimechungulia chini: bolti mbili. Mmenitisha sasa.

Tai: Weka AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu, yaishe.

Kibodi: AirTag haina GPS, Tai. Inategemea simu za watu wanaopita karibu. Porini atapita nani? Tena mwizi mwenye iPhone anatonywa kwamba kuna kitu kinamfuata. Chukua GPS ya laini ya simu, yenye betri yake ya akiba, na usiifiche ndani ya kasha la chuma.

Mama Kambi: GPS inakuambia limefika wapi. Mimi nataka lisiondoke. Na huko porini hiyo laini itashika mtandao gani?

Kibodi: Mwizi hakai porini, dada. Akifika barabarani inashika.

Tai: Mbwa je?

Mama Kambi: Mbwa anayebweka usiku kucha kambini? Majirani watakuibia wao.

Mzururaji: Fundi, hizo bolti haziwezi kuchomelewa?

Fundi Chuma: Zinaweza, ila kichwa kikichakaa utakikata kwa grinda. Kuna nati ambazo kichwa cha nati yenyewe hukatika ukishakaza, hazishikiki tena kwa spana. Ningeanzia hapo kabla ya kununua chochote.

Mama Kambi: Halafu klampu.

Tai: Mbwa wangu habweki, anakoroma tu.