Mnaomsifia Ziobro, zile pesa za wahanga mnazisemeaje?

Wakuu, leo nimeshindwa kunyamaza. Kila nikipita huku nakuta mtu anamtaja Zbigniew Ziobro, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Poland, kama mfano wa kiongozi jasiri. Eti aliwatia adabu majaji, eti aliwakomesha mafisadi, eti na sisi tunamhitaji wa aina yake. Nimemfuatilia huyu bwana kwa miaka, na sifa hizo zinanichemsha damu.

Nianze na kinachoniuma zaidi. Poland kuna Mfuko wa Haki, ulio chini ya Waziri wa Sheria. Unajazwa na malipo ambayo mahakama huwaamuru waliotiwa hatiani kuyatoa, pamoja na makato ya ujira wa wafungwa wanaofanya kazi. Ulianzishwa kwa ajili ya waliotendewa uhalifu: mama aliyepigwa, mtoto aliyebakwa, familia iliyouliwa mtu wao. Mwaka 2017 Ziobro akiwa waziri, masharti yalilegezwa pesa hizo ziweze kutumika pia "kuzuia uhalifu". Mwaka huohuo zloti milioni 25 zikachotwa na kupelekwa CBA, taasisi ya kupambana na rushwa, ambayo kwa sheria ilipaswa kugharamiwa na bajeti ya serikali tu. Zikanunua Pegasus, ile programu ya Israeli inayoingia kwenye simu yako bila wewe kubonyeza chochote.

Mimi nimewahi kuwasindikiza kina mama waliopigwa, kutoka polisi hadi hospitali, PF3 mkononi, tukichangishana nauli. Najua shilingi moja ina thamani gani kwa mtu aliye katika hali ile. Kwa hiyo nikisikia pesa ya mtu kama yule imeenda kununua kifaa cha kupekua simu za watu, sina subira hata kidogo.

Na simu zenyewe zilikuwa za nani? Krzysztof Brejza alikuwa anaongoza kampeni ya chama kikuu cha upinzani kwenye uchaguzi wa bunge wa 2019. Watafiti wa Citizen Lab ya Toronto walikuta simu yake ilidukuliwa mara 33 mwaka huo, na ujumbe uliotolewa humo ukachakachuliwa na kurushwa na televisheni ya taifa. Ewa Wrzosek, mwendesha mashtaka aliyefungua uchunguzi juu ya mpango wa kupiga kura ya urais kwa posta wakati wa korona mwaka 2020, naye alilengwa. Akanyang'anywa jalada. Mapema 2021 akapewa saa 48 ahamie Śrem, kama kilomita 300 kutoka Warsaw. Watumishi wa umma humu ndani, uhamisho wa namna hiyo mnaujua maana yake.

Nguvu zote hizo alizipata Machi 2016, vyeo viwili vilipounganishwa: Waziri wa Sheria akawa pia Mwendesha Mashtaka Mkuu. Mwanasiasa wa chama ndiye anayeshika majalada yote ya jinai nchini! Mwaka uliofuata sheria ikampa miezi sita ya kuwaondoa wenyeviti wa mahakama na makamu wao bila kutoa sababu, na wakaondolewa zaidi ya mia. Jaji Igor Tuleya, aliyewaruhusu waandishi wa habari kuingia kusikiliza uamuzi usioipendeza serikali, alisimamishwa kazi miaka miwili. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamuru kitengo kilichokuwa kikiwaadhibu majaji kisitishwe. Serikali ikagoma, na kuanzia Oktoba 2021 Poland ikatozwa faini ya yuro milioni 1 kwa siku. Jumla ilipita milioni 500. Aliyelipa ni mlipa kodi wa Poland.

Msiniambie hakukuwa na dalili. Mwaka 2007, katika uwaziri wake wa kwanza, alisimama mbele ya kamera akatangaza kwamba daktari mmoja wa upasuaji na upandikizaji wa moyo aliyekamatwa hatamnyima tena mtu uhai. Shutuma ya mauaji haikusimama, na mahakama ikamwamuru Ziobro aombe radhi. Lakini upandikizaji wa viungo nchini ulikuwa umeshaporomoka, watu wameshaingiwa hofu. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri figo na moyo wakati ule ninawafikiria mpaka leo.

Nakubali jambo moja: mahakama za Poland zilikuwa na kesi za kukaa miaka, na hasira ya wananchi ilikuwa ya kweli. Ila baada ya miaka minane ya uwaziri wake, 2015 hadi 2023, kesi hazikwenda mbio zaidi.

Novemba 2025 Bunge lilimvua kinga. Waendesha mashtaka wana mashtaka 26 dhidi yake, likiwemo la kuongoza genge la uhalifu, na yanahusu zaidi ya zloti milioni 150 za mfuko uleule. Yeye anakana, anasema ni visasi vya kisiasa, na kweli hajahukumiwa. Alikuwa Budapest wakati huo, na Januari 2026 Hungaria ikampa hifadhi. Aliugua saratani, na kwa hilo namwombea nafuu kwa moyo wote. Lakini waziri aliyewaambia majaji wa nchi yake kwamba hakuna aliye juu ya sheria, arudi asimame mbele yao.

Anayetaka kumtetea kwenye uzi huu, karibu. Aanze na zile milioni 25.