Snow White ya 1937 kwa watoto wadogo: umri gani, na vipande gani vya kuangalia? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wadau, swali hili likiulizwa majibu huwa mawili tu: "hiyo ni katuni, waache watoto" au "inatisha, usiwawekee". Yote mawili hayamsaidii mzazi aliyeshika rimoti. Katuni hii ya Disney ina dakika 83, na sehemu kubwa ni nyimbo, wanyama wakisafisha nyumba na vituko vya mbilikimo. Kinachotisha kimekaa sehemu chache: kukimbia msituni, malkia kujigeuza bibi kizee mchawi, mifupa ya mfungwa, jeneza, na mwisho wa yule bibi kizee juu ya jabali. Tuvijadili kimoja kimoja.

Daraja la umri lisitumike peke yake. Mwaka 1938 Uingereza waliipa daraja A, maana yake mtoto asiingie ukumbini bila mtu mzima. Leo hukohuko ina U, la watu wote. Mchawi ni yuleyule.

Kwa maoni yangu miaka 3 bado, 4 inategemea mtoto, 5 na kuendelea sawa, ila mtu mzima akae naye kochi moja, siyo jikoni.

Mwalimu wa chekechea
Nianze na msitu, kwa sababu unakuja mapema sana, kabla mbilikimo hata mmoja hajaonekana, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Mwindaji aliyetumwa na malkia kumuua Snow White anainua kisu, anashindwa, anamwambia binti akimbie. Miti inakuwa na mikono, magogo majini yanakuwa na meno kama mamba, kisha macho yanatokea gizani kila upande mpaka binti anaanguka chini akilia. Mtoto anapiga kelele, mzazi anazima televisheni.

Usizime hapo! Muda mfupi baadaye kunapambazuka na macho yale yanatoka: ni sungura, ndege, watoto wa paa. Tukio zima limetengenezwa ili mtoto aone kwamba woga ndio uliokuwa unampa binti yale majitu. Ukikata katikati, mtoto anaenda kulala na macho bila wanyama. Kama hawezi kuvumilia, mpakate, shusha sauti, mwambie "subiri tuone ni macho ya nani", mfike kwa sungura. Ukitaka kuruka, ruka kuanzia kwa mwindaji mpaka wanyama wametoka, siyo nusu.

Fundi sauti
Naongezea la Mwalimu. Nusu ya hofu ya tukio lile ni muziki. Picha peke yake, bila sauti, watoto wengi wanaitazama bila shida. Mambo matatu:

Punguza sauti kabla ya tukio, wakati mwindaji anatembea kumfuata binti akichuma maua. Ukipunguza katikati ya mayowe mtoto anajua na wewe umeshtuka.

Kama una spika ya besi, izime kabisa. Mtikisiko wa sakafuni mtoto anauhisi mwilini na hawezi kuukimbia kwa kufumba macho.

Televisheni nyingi zina mpangilio wa sauti wa usiku, unaobana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Uwashe. Filamu hii inanong'ona halafu inapasuka ghafla, na mzazi aliyeongeza sauti ili asikie mazungumzo ndiye anayeletewa ngurumo. Na taa ya chumba iwake.

Mama pacha
Kwangu kipande kizito kuliko vyote ni malkia kujigeuza. Tazameni kilivyopangwa: anakunywa dawa, anajishika koo, chumba kinazunguka, nywele zinageuka nyeupe, kisha mikono inajikunja na kuota kucha ndefu, sauti inakwaruza, na uso unafichwa na joho mpaka mwisho kabisa. Mtoto anasubirishwa.

Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichunguza hofu za watoto mbele ya televisheni kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba wadogo, hasa kabla ya shule ya msingi, wanatishwa zaidi na sura ya kitu, wakati wakubwa wanatishwa na kinachoweza kutokea. Kwa hiyo kumwambia wa miaka 4 "ni malkia yuleyule, kajibadilisha tu" hakumtulizi. Kwake malkia ameondoka na limekuja jitu. Cantor aliona pia kwamba kwa umri huo kinachosaidia ni kumshika, kumpa kitu cha kukumbatia au cha kunywa. Maelezo yanaanza kufanya kazi vizuri kwa wakubwa kidogo.

Dawa nyingine: mwonyesheni mchoro wa yule bibi kizee mchana, kabla ya filamu, mwache aupake rangi. Akija kwenye skrini anakuwa mtu aliyeshakutana naye.

Mkutubi
Kuhusu kugawa filamu mara mbili, nawasihi msikate baada ya mbilikimo kunawa. Panaonekana pazuri kwa sababu watoto wanacheka, lakini kesho yake mnaanza moja kwa moja na kujigeuza. Endeleeni: baada ya kujigeuza kuna ngoma nyumbani kwa mbilikimo, hadithi, halafu wote wanalala wanakoroma. Simamisha hapo. Ngoma inafuta jitu, na mtoto anaondoka na usingizi.

Mama pacha
Mkutubi, nakubali mpangilio, ila nusu ya kwanza inakuwa ndefu mno kwa wa miaka 4. Hapo ni bora mara tatu, na ile ya kwanza iishie wanyama wanapomaliza kuosha vyombo.

Mkutubi
Sawa kabisa, mara tatu kwa wadogo. Mifupa ya mfungwa ni fupi: bibi kizee akipita anauliza kama ana kiu, anapiga teke mtungi, mifupa inasambaa, buibui anatoka. Wa miaka 4 anaona buibui tu. Wa miaka 7 ndiye anayegundua kwamba mtu yule alikufa akinyoosha mkono kutafuta maji, na huyo ndiye wa kuzungumza naye.

Mleta mada
Na jeneza la kioo? Na lile busu la mwana wa mfalme kwa binti aliyelala?

Mwalimu wa chekechea
Jeneza si baya kama watu wanavyodhani. Mbilikimo wanalia waziwazi, wanyama wanainamisha vichwa, muziki umetulia. Huzuni na hofu si kitu kimoja. Ila kwa mtoto aliyefiwa karibuni ahirisheni filamu, kwa sababu huyu anaamka na mtu wake hataamka. Swali hilo litakuja.

Kifo cha bibi kizee hakionyeshwi: radi inapiga jabali, anaanguka, tai wanashuka taratibu ukunguni. Wadogo hawaelewi hiyo ishara, wanauliza "amekwenda wapi?" Jibu kwa uwazi kwamba ameanguka, amekufa, hatarudi. Ukisema "ameondoka", usiku atamtafuta chini ya kitanda.

Busu, wa miaka 4 halioni kama jambo. Kuanzia 6 muulize: binti alikuwa ameombwa ruhusa? Muda mwingi zaidi nautumia kwenye dirisha, bibi kizee asiyejulikana anapoleta tufaha na ndege wanamshambulia kumzuia. Simamisha picha hapo, uliza ndege wameona nini ambacho binti hajaona.

Fundi sauti
Na Dopey, yule mbilikimo asiyeongea, ambaye jina lake lina maana ya mjinga. Mwenzake anasema Dopey mwenyewe hajui kama anaweza kusema kwa kuwa hajawahi kujaribu, na filamu nzima anachekwa. Kama darasani au nyumbani kuna mtoto aliyechelewa kuongea, lizungumzieni siku hiyohiyo, kabla jina hilo halijaanza kutumika kumwita.